Strungi Katika Hori la Chepkurui

Saa tatu asubuhi, Apiyo anamwaga sufuria nzima ya strungi, chai ya rangi, ndani ya hori la ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe anatazama. Mama Chepkurui, mwenye boma, anatazama pia. Langoni amesimama Mzee Mokaya, mwenyekiti wa mradi wa maji, spana mkononi. Amekuja kukata maji ya boma hili.

"Ng'ombe kupikiwa chai," anasema Mokaya. "Kweli kuishi kwingi ni kuona mengi."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mwezi uliopita Chepkurui alienda kuchuma majani chai akaacha mpira wa maji umezama horini, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa Mogogosiek. Huko juu maji yakafungwa ili bomba kuu lirekebishwe. Jirani wa chini, Beldina, alipofungua mfereji wake, bomba tupu likanyonya hori kama ndama. Akawapikia wanachama wenzake wa mradi chai yenye chumvi ya ng'ombe na vipande vya nyasi.

Wageni walikunywa kwa heshima. Walipofika njiani ndipo walipoanza kusema.

Kamati ya mradi ikaamua Chepkurui akatiwe maji. Ana miaka sabini na mmoja. Kukatiwa maji ni kurudi mtoni na mtungi mgongoni.

"Mgongo wangu na ule mto viliagana zamani," anasema.

Ndipo akamwita Apiyo, fundi bomba wa miaka thelathini na minne, aliyezaliwa katika kambi ya wachuma chai na kusomea ufundi Kapkatet. Kazi yake kubwa siku hizi ni kufunga valvu za kuzuia maji kurudi. Ufundi wa kila moja ni shilingi elfu moja na mia mbili.

Mokaya haamini. "Maji hurudi nyuma lini, fundi? Huyu mama alimwaga tu uchafu kwenye maji."

"Mzee, nipe nusu saa," anasema Apiyo, akizamisha mpira katika strungi. "Funga koki ya juu."

Mokaya anafunga. Apiyo anapaza sauti kuelekea bondeni. "Beldina, fungua mfereji. Kinga kikombe cheupe."

Sauti inapanda kutoka bondeni: "Imetoka chai. Haina maziwa."

Mokaya anakuna kidevu.

Apiyo anakata bomba linaloingia bomani, anazungushia tepu nyeupe, anashika valvu ya shaba iliyochorwa mshale. Kabla ya kukaza, anamwonyesha Chepkurui. "Mama, mshale unaelekea wapi?"

"Kwangu."

"Sawa. Mwaka wangu wa kwanza niliifunga moja kanisani, mshale ukitazama nje. Waumini wakashinda Jumapili nzima bila tone, na pasta akahubiri juu ya jangwa."

Koki inafunguliwa, bomba linasafishwa mpaka maji yanang'aa, kisha koki inafungwa tena. Mpira bado umezama katika strungi. Chepkurui ameshika pindo la leso yake.

"Beldina, sasa?"

"Yametoka maji kidogo, meupe. Yamekatika." Baada ya muda: "Kikombe ni safi. Nimeonja."

Chepkurui anaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anacheka mpaka leso inamwanguka. "Mwenyekiti, kitendawili."

"Tega."

"Nina bawabu asiyelala. Anayeingia humpisha, anayetoka humfungia."

Mokaya anaitazama ile valvu mbele ya macho yake, na bado jibu linampita. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Kipkelion."

"Nimeenda Kipkelion, nikala vizuri, nikarudi. Bawabu ni huyo hapo kwenye bomba."

Maboma ishirini na sita yamebaki kwenye laini hiyo ya bomba. Apiyo anataka kuyafikia yote kabla ya Desemba, kisha afungue duka la mabomba hapa Mogogosiek, mtu asisafiri hadi Kericho kwa ajili ya valvu moja. "Kila boma nitaanza na sufuria ya strungi," anasema. "Watu huamini macho."

Mokaya anaitia spana mfukoni na kumsogelea fundi.

"Kesho anzia kwangu," anamnong'oneza. "Mpira wangu uko ndani ya pipa la dawa ya kupe."

Nyuma yao, ng'ombe ameshamaliza chai.