Alama Iliyoangalia Mkia

Istar Samatar alikuwa na maneno mengi na hakuona haya kuyatumia. Ukiingia dukani kwake pale Isiolo, nyuma ya soko la mboga, kutaka kadi za harusi, atakuambia jina la bwana arusi umeliandika vibaya, kisha akuulize kama bibi arusi mwenyewe ana habari kwamba anaolewa. Watu walimwogopa kidogo na bado walirudi. Duka la chapa lilikuwa hilo moja tu mjini, na yeye alijua hivyo.

Mashine ilikuwa ya baba yake, mzee Samatar, mtoto wa askari wa zamani, aliyeinunua Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga virago. Ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Herufi zake ni za madini ya risasi. Unazipanga moja moja ndani ya fremu ya chuma, unazibana, unapaka wino, unakanyaga. Mzee alitaka kumfundisha Awale, kaka yake Istar, lakini Awale akapenda lori. Istar ndiye aliyekanyaga tangu akiwa msichana wa shule, na mzee alipofariki hakuna aliyeuliza nani ataendelea na kazi.

Sasa, mwaka wa themanini na tano, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo, mvua ilirudi na watu wakaanza kutafuta ngamia wao. Maana ukame ukibana, ngamia hujiendea, akajiunga na kundi la wengine, na wenye kundi humtunza mpaka mwenyewe atokee. Mwenyewe hujulikana kwa alama. Kila familia ina yake, imechomwa kwa chuma cha moto kwenye paja la ngamia. Familia nne zikaja kwa Istar zikitaka tangazo la kubandikwa upande wa Merti, Korbesa na Biliqo: maneno machache na alama nne. Maneno ni ya chifu na walimu. Wachungaji wangesoma alama.

Watatu kati ya hao wanne walikuwa bado na mali. Wa nne alikuwa Abiba, mjane kutoka kijiji cha Kulamawe, ambaye ukame ulimwachia ngamia mmoja tu wa maziwa, jike jekundu lenye mimba, na huyo naye akapotea. Abiba alikuwa amejibanza na watoto wake kwa dada yake, mtaa wa Bula Pesa, wakinywa chai ya rangi.

"Nikimpata huyo, narudi kwangu," alimwambia Istar. "Nikimkosa, mimi ni mtu wa kuomba tu."

"Utampata, mama," Istar akasema, kama mtu anayejuana na ngamia huyo.

Lakini ilitakiwa haraka. Mvua ikishika sawasawa, makundi yangehamia malisho ya mbali, na jike jekundu lingekwenda nayo.

Alama zilichongwa kwenye vibao na Ewoi, seremala Mturkana wa mtaa wa pili. Istar akavipanga kati ya maneno, akabana, akakanyaga. Karatasi ikatoka na maneno yote, meusi, yamenyooka. Mahali pa alama palikuwa peupe, pote panne.

Mwingine angeipiga mashine teke. Istar alikuwa na desturi yake: hagusi vitu viwili kwa mara moja. Alitazama kwanza kama vibao vimo ndani ya fremu. Vimo. Akatazama wino. Umeenea kwenye herufi zote. Akachomoa kibao kimoja, akakipaka wino kwa kidole, akakigandamiza kwenye karatasi kwa mkono, na alama ikatoka safi.

"Basi wewe ni mzima," akakiambia kibao. "Shida yako ni kwamba hufiki."

Akapitisha kidole juu ya fremu. Kila kilipofika kwenye mbao kilitumbukia kidogo. Ewoi alichonga mti mbichi, jua likaukausha ukanywea, na vibao vikawa chini ya herufi kwa unene wa ukucha. Karatasi ilikuwa inagusa herufi tu. Istar akakata vipande vya karatasi, akavitia chini ya vibao, akakanyaga tena. Alama nne zikatoka, nyeusi tii. Alijipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kumpongeza, akachapa rundo zima, na Awale akaondoka nalo kwa lori kabla ya adhuhuri.

Kesho yake asubuhi Abiba akaingia dukani.

"Salaam aleikum. Imetoka?"

"Wa aleikum salaam. Imetoka na imeshaenda, mama. Moja hiyo hapo ukutani."

Abiba akasogea, akaitazama kwa muda. "Yangu ni gani?"

"Hiyo ya chini."

"Hiyo sio yangu," Abiba akasema. "Yangu inaangalia shingo. Hii inaangalia mkia."

Alama ya kina Abiba ilikuwa mstari uliopinda kichwa, na kwenye paja la kulia la ngamia kile kichwa kinaelekea mbele, shingoni. Kwenye karatasi kilikuwa kimegeukia nyuma. Wewe wa mjini utasema ni kitu kidogo. Kwa mchungaji, huyo ni ngamia wa watu wengine kabisa.

Abiba hakugomba wala hakulia. Aliketi juu ya robota la karatasi akasema, "Basi watampita tu," na hayo yalimuuma Istar kuliko matusi.

Alisimama mbele ya lile tangazo, mikono kiunoni. Tatu ni sawa, moja ni mbovu. Mashine ni ile ile, wino ni ule ule, fundi ni yule yule. Basi kosa liko pale hiyo moja ilipotoka. Akamshika Abiba mkono wakaenda kwa Ewoi.

"Wale watatu waliniletea vyuma vyao," Ewoi akaeleza. "Nikachonga vile uso wa chuma unaonekana. Huyu mama hakuwa na chuma. Alinichorea mchangani kwa kidole, nami nikachonga vile alivyochora."

"Chuma chetu kilipotea tukihama," Abiba akasema.

Hapo Istar akaelewa, na akajiona mjinga kwa kutouliza mapema. Chuma cha kuchomea kimeshageuzwa na mhunzi, ili kikikanyaga ngozi alama ikae sawa. Mchanga wa Abiba ulionyesha alama kama inavyokaa kwenye ngozi yenyewe. Ukiichonga hivyo hivyo, ikikanyaga karatasi itageuka. Kosa la namna hiyo huwezi kulipata Nairobi, maana huko nani atampelekea mchapaji chuma cha ngamia?

"Sasa nitachora kinyume namna gani?" Ewoi akauliza.

"Imeshachorwa," Istar akasema. Alirudi dukani, akabandua lile tangazo bovu, akakata alama iliyogeuka na kuigandisha kwa gundi juu ya ubao mwingine, mkavu safari hii, uliotoka kwenye kiti kilichovunjika. "Chonga unavyoiona," akamwambia Ewoi alipompelekea.

Matangazo mapya yalipotoka, Abiba aliyakagua mwenyewe akakubali. Akashauri yabandikwe kando ya yale ya kwanza.

"Hapana, mama," Istar akasema. "Mtu akishakuwa na la zamani, hatatazama jipya. Lazima nikayatoe."

Akafunga duka, akapata nafasi kwenye lori la mahindi, akaanzia Merti. Alipita duka hadi duka akibandua la zamani na kuweka jipya mahali pale pale, na wenye maduka walimwacha kwa sababu kubishana naye kungewachelewesha. Kisimani akakuta misumari mitupu. Akaambiwa karatasi ya pale ilichukuliwa na mzee Diba wa Korbesa, aliyekuwa palepale akinywesha ngamia wake.

"Salaam aleikum, mzee," Istar akasema. "Naomba ile karatasi uliyochukua."

"Wa aleikum salaam. Ya nini? Nimeangalia ngamia wote nayo. Hakuna mwenye alama hizi." Aliitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri, lakini hakuiachilia.

"Hiyo ina kosa. Hii ndiyo ya kweli."

"Nani anasema hiyo ndiyo ya kweli, na hii ndiyo ya uongo?"

Swali lilikuwa la haki. Istar, ambaye hakuzoea kukiri kosa, alijibu polepole. "Mimi ndiye nilichapa zote mbili, mzee. Hiyo ya kwanza nilikosea."

Diba akamtazama, akampa ya zamani, akapokea mpya. Akaitazama muda mrefu, kisha akatazama ngamia wake.

"Huyo mwenye alama hii ya chini," akauliza, "ngamia yake alikuwa na mimba?"

Diba mwenyewe ndiye aliyemfikisha jike jekundu Kulamawe, nyumbani kwa Abiba, na ndama anamfuata nyuma. Istar alikwenda na Awale kuona. Abiba alikamua, akampa Istar maziwa ya kwanza, na Istar alikunywa bila kusema lolote, jambo ambalo Awale alilisimulia mjini kwa miezi.

Kisha Abiba akamshika yule ndama shingoni. "Huyu sina cha kumchomea," akasema.

Istar akatoa kile kibao kipya kwenye mkoba wake. "Mpe mhunzi. Aige uso wa kibao hivyo ulivyo."

"Na itaangalia shingo?"

Istar alifungua mdomo kusema ndiyo, kama kawaida yake, akaufunga. Akapiga goti kando ya birika la mifugo, penye tope laini, akagandamiza kibao kwa mikono miwili, akakiinua. Abiba akainama. Alipitisha kidole polepole kwenye mstari, akaufuata mpaka pale unapopinda, na hapo ndipo akalia.

"Inaangalia shingo," akasema.