Kisanduku cha Pili

Mjukuu wangu wa kike huandika programu za kompyuta. Alipokuja likizo Kibiti alikuja na kazi yake: kurekebisha maneno ambayo kompaila humtupia mtu aliyekosea. Kompaila, alinieleza, ndiyo inayogeuza programu kuwa amri za mashine. Wakati mwingine mwandishi huchomeka amri ya mashine moja kwa moja katikati ya programu, na amri hiyo ina masharti. Ikitaka namba isiyobadilika, ukaipa kitu kitakachojulikana baadaye, inagoma.

"Na ikigoma inasema tu, 'Ulichoweka hakifai.'"

"Si inatosha? Mwenye akili atajua."

"Mume wangu," mjukuu akanitania, "ungekuwa kompaila wewe, watu wangelia."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele kando yetu. "Alikuwa, mke mwenzangu. Aliyelia ni mimi."

Zamani hizo nilikuwa karani wa kupokea fomu za chuo. Yeye alikuwa msichana wa Maparoni, kule visiwani, anaomba nafasi ya kusomea ushonaji. Mara mbili alisubiri maji yajae, akapanda mtumbwi, akaleta fomu. Mara mbili nikaiandika kwa wino mwekundu: "Imekosewa." Safari ya tatu nafasi zilikuwa zimekwisha. Kosa nililiona siku ya kwanza. Kisanduku cha pili kilitaka umri kwa namba, naye alijaza: "Nilizaliwa mwaka mafuriko yalipochukua dungu la babu la kulindia mpunga." Nilinyamaza kwa sababu nilitaka arudi nimwone tena. Tukaoana, na hadi leo nguo zake anashonewa na watu. Hilo la kunyamaza sikuwahi kumwambia.

"Haya, andika," nikamwambia mjukuu. "Taja mstari. Taja ni kitu cha ngapi. Sema kilichotakiwa, kilicholetwa, na afanye nini."

Akaandika, akasoma: "Mstari wa 12, kitu cha pili: amri hii inataka namba isiyobadilika. Umeweka 'umri', ambao utajulikana programu ikishaanza. Weka namba yenyewe, au tumia amri inayopokea kitu kinachobadilika."

"Hiyo hata mimi nimeielewa," mke wangu akasema. "Ningerudi mara moja tu."

Nikamgeukia. "Mama, kosa lako lilikuwa kisanduku cha pili. Walitaka namba ya miaka."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Nilitaka urudi."

Mjukuu akajifanya anatazama kioo cha kompyuta. Mke wangu akaniwekea ungo mapajani. Nikapepeta mpaka mabega yakauma, nikampelekea. Akauchungulia, akanirudishia.

"Imekosewa."

"Wapi?"

Akaingia ndani.