Nilivyoificha sukari ya mama mkwe kwa daktari wa sindano za Kichina

Wakuu, nawasalimu nyote. Wadogo zangu marahaba, na wakubwa zangu, kama mmebaki humu jukwaani, shikamooni.

Mama mkwe wangu aliniomba nisimwambie daktari kwamba ana sukari. Nikakubali.

Nimeanza na hapo ili nisipate nafasi ya kujipamba mbele ya safari. Yote nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nilipoyageuza macho. Nikifika hapo nitasema.

Kuna kijana juzi aliuliza humu kama tiba ya sindano za Kichina inamfaa mama yake mwenye maumivu ya miguu. Nusu mmemjibu "nenda mkuu", nusu mmemjibu "matapeli hao". Jibu langu mimi ni refu kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Nilikuwa karani katika kinu cha kuchambulia pamba, kidato cha nne nimemaliza, Kiingereza changu si haba. Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, ushirika wetu ukapunguza watu. Nami nikawemo.

Nikawa mwanaume wa kushinda nyumbani, Mkolani, Mwanza. Mke wangu, Mama Kabula, ndiye aliyekuwa na kibanda cha mitumba. Wenye kazi hamwezi kujua jinsi mtu asiye na kazi anavyotafuta kuonekana ana faida.

Wakati huo Mwanza vibao vya kliniki binafsi vilikuwa vinaota kila mtaa. Kimoja kilikuwa cha daktari Mchina, mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu" na "pole". Sifa zake zilivuka ziwa.

Mama mkwe akazisikia huko Sengerema. Alikuwa na goti lililomsumbua miaka. Akavuka na pantoni pale Busisi, akaja kwetu.

Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki tatu, hawezi kutoka. Shemeji zangu, kaka zake, wako ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo wa kumpeleka nikawa mimi.

Wasio wa huku niwaeleze jambo moja. Kwetu Usukumani, kwa malezi niliyokulia, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humwangalii usoni ovyo, humpi mkono, hukai naye karibu, na habari za mwili wake huziulizi. Akikutuma, unatumika. Akisema neno, halirudishwi.

Asubuhi hiyo mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni, mtoto begani.

"Baba Kabula, usisahau kumwambia daktari mama ana sukari. Yeye mwenyewe hatasema, namjua."

"Nimesikia."

"Umesikia au umesikia?"

"Mama Kabula, nimesoma mimi."

Akacheka. Mpaka leo nakumbuka kwamba alicheka.

Kliniki tulikuta foleni. Jirani yetu kwenye benchi alikuwa fundi seremala mmoja mcheshi sana.

"Mama, usiogope," alimwambia mama mkwe. "Mimi nililetwa hapa nimebebwa kama robota la pamba. Leo nimekuja kwa miguu, na njiani nimegombana na mtu."

"Zinauma?"

"Ni kama miba ukiwa unakata kuni. Tofauti ni kwamba hapa unaikaribisha mwenyewe."

Benchi zima likacheka. Kisha akaongeza: "Ila kama una sukari, mzee huyu hakugusi mpaka ulete barua ya hospitali. Shangazi yangu alirudishwa."

Mama mkwe akageukia ukuta. Bila kunitazama, akasema:

"Baba Kabula."

"Naam, mama."

"Hiyo sukari usiitaje kwa dakitari. Hospitali niliacha kwenda tangu kipindi cha pamba. Wataanza kunigombeza, na goti litabaki hivihivi. Nimevuka ziwa kwa ajili ya goti."

Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, hilo nisamehe, siwezi." Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Sawa, mama."

Nilijiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba kulikuwa pia na kiburi. Nilitaka niwe mkwe aliyemponya goti, siyo mkwe aliyemrudisha nyumbani mikono mitupu.

Tukaitwa. Daktari akawa anauliza kwa Kiingereza kutoka kwenye fomu, mimi natafsiri. Presha? Moyo? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Halafu akauliza, "Diabetes?"

Hiyo sikuitafsiri. Nikajibu mwenyewe hapohapo, "No, doctor."

Akaandika.

Naomba niwe mkweli kwa mtu yule. Sindano zake alizitoa kwenye chombo cha kuchemshia mbele yetu, siku hizi mtaona za pakiti za kutupa. Alisafisha ngozi kwa spiriti. Alieleza kwamba mgonjwa asije na njaa, asishtuke akihisi uzito au ganzi kidogo sindano inapoingia, na akisikia kizunguzungu aseme mara moja. Aliuliza kila alichopaswa kuuliza.

Mara ya kwanza na ya pili mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alianza kuinuka bila kushika ukuta. Nyumbani nikawa mtu. Mke wangu aliniuliza kama daktari anajua kuhusu sukari, nikasema anajua. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Mara ya tatu daktari akasema goti lina baridi, linahitaji moto. Alichoma sindano kuanzia gotini kushuka mpaka juu ya unyayo. Kisha vichwani mwa baadhi ya sindano akabandika vidonge vya majani makavu yaliyosokotwa, akaviwasha. Vinawaka polepole kama sigara, joto linashuka kwa sindano.

Akaniuliza, "Miguu yake ina hisia za kawaida?"

Nikamuuliza mama, nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema, "Nasikia vizuri." Nikatafsiri hivyo hivyo. Mtu mwenye sukari ya miaka mingi, nyayo zake zinaweza kufa ganzi asijue. Mimi sikujua hilo. Daktari alilijua, ila mimi ndiye niliyemnyima sababu ya kulifikiria.

Daktari akaitwa chumba cha pili. Akaniambia nikae pale, niangalie miguu, jivu lenye moto likianguka nimwite.

Hapa ndipo nilipogeuza macho, wakuu.

Kanga ilikuwa imepandishwa mpaka juu ya magoti. Mguu wa mama mkwe uko wazi. Nikageuza kiti, nikatazama ukuta. Nilihesabu misumari ya kalenda. Harufu ilipobadilika nilidhani ni majani yale.

"Mama, hakuna shida?" niliuliza ukuta.

"Hakuna shida, baba."

Daktari aliporudi alipiga kelele kwa Kichina. Kaa lilikuwa limedondoka juu ya unyayo, karibu na kidole gumba. Jeraha dogo, kama punje ya haragwe. Alilisafisha, akalifunga, akasisitiza turudi kesho yake alitazame.

Hatukurudi. Mama mkwe alisema ni kitu kidogo, akaaga, akavuka kwenda kwake. Sikumzuia. Neno lake halirudishwi.

Wiki ya tatu shemeji zangu walimleta akiwa amebebwa. Mguu ulikuwa umevimba na una harufu. Hospitalini walimpima mkojo na damu, wakatuuliza sukari hii tuliiacha tangu lini. Mguu ukakatwa chini ya goti. Goti lenyewe lililotupeleka kule lilibaki, halina kazi.

Kwenye benchi la wodi mke wangu aliniuliza, "Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia."

Shemeji zangu wakaenda kumkabili Mchina, na kwa kuwa hawajui Kiingereza, walinichukua mimi niwe mkalimani. Walimtukana, nikatafsiri nusu. Yule daktari akafungua fomu, akaweka kidole kwenye mstari, akanitazama.

"Nilikuuliza," alisema kwa Kiingereza. "Ulisema hapana."

"Anasemaje huyu?" shemeji mkubwa akauliza.

Nikasema, "Anasema anasikitika sana."

Baada ya muda mfupi daktari alifunga kliniki na kuondoka Mwanza. Watu walisema amekimbia. Sikumtetea.

Mama mkwe aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mke wangu alihamia Sengerema kumuuguza, na watoto akawachukua. Siku za mwisho mama alimwita binti yake, akataka kunisafishia jina kwa sababu alihisi naonekana mkwe mzembe. Alisema, "Usimlaumu Baba Kabula wala yule Mchina. Mimi ndiye nilimwambia mumeo anyamaze kuhusu sukari."

Alidhani ananitetea.

Tulipomaliza mazishi mke wangu aliniita nyuma ya nyumba, mbali na waombolezaji. Hakupandisha sauti.

"Mama alikuomba umfiche daktari. Sawa, alikuwa mkweo. Mimi nani alikuomba unifiche?"

Nikarudi kwa waombolezaji, nikaanza kukusanya viti. 

Sasa, kijana uliyeuliza kuhusu mama yako. Sindano zinaweza kumsaidia maumivu, nimeona watu zikiwasaidia. Lakini mpeleke kwanza hospitali apimwe. Hakikisha huyo mtabibu amesajiliwa, na sindano ni mpya, zinafunguliwa mbele yenu. Mtajie kila ugonjwa na kila kidonge: sukari, presha, moyo, dawa za damu, na kwa kina dada, ujauzito. Dawa za hospitali asiziache. Kama miguu ina ganzi, msikubali moto wowote juu yake. Na akitoka na jeraha, hata dogo kama punje, mlitazame kila siku.

Jambo la mwisho nililijifunza kwa kuchelewa: ukiwa msemaji wa mgonjwa, aibu yako iache nje ya mlango. Kama huwezi kuutazama mguu wake, tafuta mwingine akae kwenye kile kiti.

Waliopitia haya, au mlio wataalamu wa afya, nirekebisheni nilipokosea. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma yote.

Mama Kabula hakurudi Mkolani. Kabula alipoolewa, wajomba zake ndio waliopokea ng'ombe wa mahari na kuwakaribisha wageni. Mimi nilikaa kwenye viti vya waalikwa, nikala, nikaaga. Mama mkwe alipoteza mguu kisha uhai. Mimi nilipoteza mke na watoto watatu, na wote wako hai.