Aliyepiga Kinyoya Kisicho Chake

Mwenye kuita ndiye mwenye kupiga. Mwenye kukosea atafagia ukumbi siku saba, na siku hizo hatashika raketi.

Maneno hayo yameandikwa kwa rangi nyeusi juu ya mlango wa ghala la zamani la nafaka mjini Dodoma, ambamo timu ya mpira wa vinyoya ya shirika moja la umma hufanyia mazoezi. Hakuna mchezaji anayehitaji kuyasoma. Kinyoya kikija kati ya wawili, mmoja huita "Yangu!" na mwenzake hujitenga.

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu ya pili ya Agosti 1996. Upepo haujaanza. Ukianza, mnamo saa tatu, hupenya matundu ya ghala na kukipeleka kinyoya kokote unakotaka. Ndiyo sababu kazi hapa huanza mapema.

Anastazia Chidawali, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amevaa sare kamili ya mashindano, nambari tatu mgongoni, soksi zimevutwa hadi karibu na magoti. Hivyo ndivyo adhabu inavyotaka. Mkononi hana raketi. Ana ufagio.

"Dada Ana, kona ile umewaachia njiwa?" anauliza Yoramu, mchezaji wa upande wa wanaume, akiwa ameegemea mlango.

"Subiri zamu yako. Utaniita nikuoneshe."

"Mimi kuita naita, dada. Taabu ni kwa wasiosikia."

Anastazia anainama na kufagia kona ya njiwa.

Kwa miaka kumi na miwili mchezo huu umekuwa ndio ajira yake. Katika orodha ya mishahara yeye ni karani, ingawa taipureta ameigusa mara chache. Shirika lilimwajiri ili acheze, na tangu mwaka 1985 amecheza na mtu mmoja tu: Mwanne Salimu, mzaliwa wa Kondoa, mwenye mkono mzito kuliko wote katika kanda. Anastazia hukaa mbele, karibu na wavu. Mwanne hukaa nyuma na kumaliza.

Hapo kwenye neno "kumaliza" ndipo shida ilipoota.

"Mimi nilisonga ugali, yeye akashukuriwa kwa shibe," anasema Anastazia. "Magazeti yaliandika Mwanne. Mkurugenzi akija, anauliza, 'Mwanne yuko wapi?' Nami nimesimama pale pale, jasho linanitoka. Nilikuwa nikilala na jambo hilo na kuamka nalo."

Mwaka 1993, katika fainali ya kanda iliyochezwa Arusha, wawili hao walikuwa nyuma kwa alama 13 dhidi ya 14. Kinyoya kilipaa juu, kikaelekea upande wa Mwanne. Mwanne aliita. Anastazia, aliyekuwa mbele, alirudi nyuma na kuruka akipige yeye.

Raketi ziligongana. Ya Mwanne ilivunjika shingo, na kombe likaenda kwa wapinzani.

Ukumbi ulikuwa na kelele nyingi, na mwalimu wa timu, Mzee Pantaleo, hakusikia kitu. Aliuliza nani aliita. Anastazia alijibu kwamba hakuna aliyeita, na kwamba kinyoya kilikuwa cha Mwanne. Kwa kosa la kunyamaza, Mwanne alifagia ghala hili siku saba. Hakujitetea hata kwa neno moja.

"Angenipigia kelele ningepona mapema," anasema Anastazia. "Alifagia, akimaliza anatundika ufagio. Siku ya nane akaniuliza, 'Tuanze?' Nikamwonea wivu hata kwa hilo."

Miaka mitatu ilipita. Kisha, Julai mwaka huu, likaja tangazo. Shirika linauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kati ya wachezaji wanne wa kike mnunuzi atabakiza wawili. Nafasi ya Mwanne haikuwa na shaka. Aliyetafutwa ni wa kusimama mbele yake: Anastazia, au Zaitun, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka Chemba. Mchezo wa majaribio ulipangwa kufanyika Alhamisi, tarehe 15 Agosti.

Jumamosi kabla ya wiki hiyo, Zaitun alimwamkia Anastazia kwa adabu na kumwomba ushauri.

"Shikamoo, dada. Nina hofu na dada Mwanne. Nikikosea kuita, atanikasirikia?"

"Marahaba. Mwanne?" Anastazia alijibu. "Mwanne hatasema kitu."

Anasema maneno hayo yalipomtoka aliyasikia mwenyewe. Jioni ile alikwenda nyumbani kwa Mzee Pantaleo, mtaa wa Nzuguni, akaeleza yote.

"Unajua wiki ijayo kuna nini?" mwalimu alimuuliza.

"Najua, mwalimu."

"Na sheria unaijua."

"Naijua."

"Basi Jumatatu uje na sare."

Gazeti hili halimsifu mtu kwa kusema kweli baada ya miaka mitatu. Linaeleza tu kwamba alipoisema, bei yake ilikuwa imepanda, naye hakuomba ipunguzwe.

Alhamisi alisimama nje ya mlango, ufagio mkononi, kwa kuwa anayetumikia adhabu haruhusiwi kukaa ndani wakati wa mchezo. Hakuona. Alisikia. "Yangu!" ya Mwanne, kisha mlio wa kinyoya. "Yangu!" ya Zaitun, nyembamba, na kimya cha Mwanne aliyejitenga.

"Ile ya Mwanne niliijua hata kwa pumzi," anasema. "Kuisikia akimwambia mtu mwingine, afadhali ningepigwa. Wivu haujaniisha, mwandishi, usiandike kwamba umeniisha."

Zaitun alipewa nafasi. Anastazia ataondoka kazini mwisho wa Septemba.

Hakusudii kuacha mchezo. Mashindano ya mkoa ya mwakani yamefunguliwa hata kwa wasio na shirika, naye ameshapata mwenzi, Hilaria, mwalimu wa shule ya msingi huko Bahi. Watafanya mazoezi katika darasa lililoondolewa madawati.

"Nataka kukutana na Mwanne fainali," anasema. "Nikiwa ng'ambo ya wavu, hatutagombania kinyoya tena. Chochote anachopiga kitakuja kwangu, na hapo kitakuwa changu kwa haki."

Jumapili, siku ya saba, anafika baada ya ibada ya kwanza. Anafagia kutoka ukutani kuja katikati, kisha kutoka katikati hadi mlangoni. Anapomaliza, anasimama kando. Kwa desturi ya timu, aliyekosewa ndiye anayekagua.

Mwanne Salimu anavua viatu kizingitini. Anatembea peku sakafu nzima, polepole, hadi kona ya njiwa na kurudi. Mbele ya Anastazia anainua mguu mmoja na kutazama wayo. Kisha anainua mwingine.

"Safi," anasema.

Anauchukua ufagio mkononi mwa mwenzake, anautundika kwenye msumari.