Ampli ya Yaya na Saa ya Bukari

Ijumaa ile nilikuwa na jioni moja tu. Kesho yake asubuhi mtu wa kazini kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, angepita na gari kuchukua ampli na kuipeleka Kakanda, ambako yaya amepata kazi ya mgodi na kanisa la kupigia gita. Ampli ni yake, sina neno. Lakini nimekua na sauti ile, na nilitaka ibaki.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni naweza kumaliza siku nzima nimesema "présent" tu. Hata na yaya hatukuongea sana. Yeye alipiga, mimi nilikaa chini nimeegemea ampli, lile sanduku zee la kukuza sauti ya gita, lenye lampi za kioo ndani, na mtetemo ukinipita mbavuni. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Tangu aondoke naegemea ukuta.

Kuna programu ya simu, ya bure, inayojifunza ampli. Unapitisha ndani ya ampli sauti ya majaribio, miluzi na mikwaruzo ya dakika chache. Simu nyingine inarekodi kinachotoka kwenye spika. Halafu programu inalinganisha kilichoingia na kilichotoka mpaka iweze kuiga. Baadaye unachomeka gita kwenye simu, unavaa écouteurs masikioni, na ampli iko humo. Nilijifunza yote hayo peke yangu. Wa kumuuliza hakuwepo.

Nilijaribu kwanza Jumatano mchana, mtaa umetulia. Nilichomeka ampli kwenye regilateri, kile kisanduku cha kusawazisha umeme ambacho kila nyumba hapa Likasi inachomekea televisheni na friji, maana umeme wetu hupanda na kushuka unavyotaka. Nikajiona mwenye akili. Programu ilijifunza vizuri. Nilipopiga gita, sauti ilikuwa ya ampli ile kabisa, na haikuwa ya yaya. Ilikuwa ngumu, imenyooka, kama ya mtu anayekujibu kwenye dirisha la ofisi. Nikasogeza simu karibu na spika, nikaisogeza mbali, Alhamisi nikarudia. Vilevile. Nikasema labda ni vidole vyangu, na nikalia kidogo, sitaficha.

Basi Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa tu mbele ya ampli, nimeshakata tamaa, mama akaita kutoka jikoni:

"Weye! Angalia ile balbu. Resho haipate moto, bukari itaiva kesho!"

Balbu ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Ni saa ambayo avenue nzima inawasha resho, majiko ya umeme, kupika bukari, ugali wetu, na umeme unagawanyika mpaka unachoka. Hapo nikakumbuka. Yaya alikuwa anapiga saa ile tu, na kabla ya kukaa alichomoa regilateri. Mama alimgombeza, "Utaiunguza!" naye akacheka. Nilidhani ni ubishi. Kumbe alitaka ampli ichoke pamoja na mtaa. Umeme ukipungua lampi zinalegea, noti inazama kidogo, kisha inapanda polepole kama mtu anayevuta pumzi.

Nikachomoa regilateri. Nikapandisha sauti mpaka pale alipokuwa anaiweka yeye, jambo ambalo sijawahi kufanya, maana sipendi watu wajue niko nyumbani. Telefone ya mama ikaanza kutoa miluzi, ampli ikapiga kelele, simu yangu ikarekodi. Jirani akasimama kwenye ua wake.

"Mama, munachinja nini kule? Hata pepo hailalamike vile!"

"Ni mutoto," mama akajibu, "iko nasomesha telefone."

"Kusomesha telefone! Na yeye mwenyewe, examen alipita?"

Wakacheka nyua zote. Mashavu yaliniwaka, lakini sikupunguza. Balbu ikazidi kufifia na mimi nikawa naomba umeme usikatike, basi. Haukukatika.

Asubuhi ampli ikaenda. Kwenye sakafu zimebaki alama nne za miguu yake, na mama anapopiga deki anazipita.

Sasa ninapiga na écouteurs. Noti inazama, inapanda. Ni yeye kabisa. Mama akipita anaona tu mtoto anayekwaruza nyuzi kimya. Sauti ninayo, ila mbavu hazisikii kitu.

Juzi yaya alituma ujumbe wa sauti, wa kwanza tangu ampli ifike kwake:

"Petite, hii ampli iko na nini? Huku courant ya mugodi iko nguvu, haishuke hata kidogo. Inaimba sawa muntu wa kasirani. Mama aliniambia weye ulibakiza sauti yake. Nitumie, petite."

Nimeusikiliza tena na tena, hasa pale anaposema "petite", mdogo wangu. Kutuma ni kubonyeza tu, na kidole kilikuwa tayari. Halafu nikawaza: nikituma, atakuwa na vyote kulekule, wala hatakuwa na sababu ya kuja. Nikaandika, mimi nisiyemwandikia mtu:

"Kuya uikamate hapa nyumbani, saa ya bukari."

Ameona. Vile vialama viwili vimekuwa vya bluu. Hajajibu. Jikoni mama amewasha resho, na balbu imeanza kubadilika rangi.