Kaye ya maua ya Mama Hélène

Mama Hélène, mama ya bwana yangu Lionel, hawezi kupita ua bila kuiamukia. Wengine banapanda mulima kutafuta kuni. Yeye anapanda kutafuta maua madogo yenye hata mbuzi haione. Anainama, anageuza jani, anapapasa kama iko na manyoya chini, ananusa. Kisha anaibandika mu kaye yake, daftari ya maua, na bugali kidogo, sababu kole, gundi ya duka, haiamini.

Majina ya mu vitabu hajui. Kwake, ua inachukua jina ya mutu aliyeipata. Kuko "Rebecca", dada yake. Kuko "Lionel", ya shingo ndefu, sawa bwana yangu kabisa! Na ukurasa ya kwanza, "Ephraïm": ua nyeupe ya milima ya Kpandroma, bwana yake alimupatia siku alimuomba amuoe. Papa Ephraïm alikufa, vita ikatufukuza kule, tukafika Bunia na kaye ile. "Denise", jina yangu, haikukuwamo. Miaka sita niko mu nyumba yake, na miye ni "bibi ya Lionel" tu. Iliniuma, sitaficha.

Sasa sikia ujinga yangu. Nyumba ilivuja, nikaficha kaye ndani ya mufuko ya unga. Bugali ndani ya unga! Kumbe nimealika panya kwa karamu. Ikakula ua ya Ephraïm yote. Macho ya mama haione vizuri tena, nikamudanganya: mvua iliiozesha.

Hakunigombeza. Alilia polepole, akasema angetaka kuiona mara moja tena mbele macho haijafungwa kabisa. Mungu wangu, heri angenipiga!

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, tukapanda vilima vya juu ya Bunia, sababu kwenda Kpandroma haiwezekane. Magoti yangu inalia, na kila ua yenye naleta mama anasema: "Hapana." Nikachoka. Nikaona moja nyeupe kando ya jiwe, nikapiga kelele:

"Mama, ni hii! Ya papa Ephraïm!"

Akaishika, akapitisha kidole.

"Ile ilikuwa na majani ine. Hii iko na tano. Na chini iko na manyoya."

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaketi mu majani, nikalia, nikasema yote: mufuko, panya, mvua ya uongo.

"Nilijua," akasema. "Kaye ilijaa unga, bibi ya Lionel. Nilingoja tu uniambie."

Akanipangusa machozi na kitenge yake. Ua hakuitupa. Tulipofika nyumbani akanituma kununua kole ya duka. "Panya ya hapa imeshashiba," akasema, akacheka. Akafungua ukurasa safi, akaniwekea kalamu mu mukono.

"Hii sijaionaka kwa milima yote. Andika jina."

"Jina gani, mama?"

"Aa weye! Nani aliipata?"

Nikaandika Denise, herufi zote zimepinda.

"Soma," akasema. Nikamusomea. Akarudilia jina yangu, polepole, mara mbili.