Kahawa Aliyoikataa Ma Koku

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa karani kijana katika ofisi ya ushirika wa kahawa Bukoba. Jana yake nilikuwa nimechapa barua ya siri: bei ya kahawa ingepanda sana, na tangazo lingetoka Jumatatu. Kulipopambazuka nikakimbilia Kaagya kwa Ma Koku, mdogo wake mama yangu, mjane mwenye mibuni ya kupendeza.

Nikainunua kahawa yake kwa butura. Ndiyo ile ya mkulima mwenye shida kuuza buni zingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa. Ma Koku alikuwa anamtafutia binti yake ada ya shule. Akanishukuru, akanifungia na mkungu wa ndizi. Nami nikaupokea bila haya!

Jumatatu redio ikatangaza. Jumatano Ma Koku akafika kwangu Kagondo. Nikamletea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni. Akakisukuma kikapu pembeni. Sikuwahi kuona Mhaya akikataa kahawa nyumbani kwa mtoto wake.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Waitu, mwanangu wee, ungebahatisha ningekupongeza. Lakini ulijua, ukanitazama usoni. Kahawa yako siitafuni."

Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile mdudu nilikuwa mimi. Nikaichana hati ya butura mbele yake, kisha nikaenda kujisema mwenyewe kwa meneja. Kazi ikaishia hapo. Ma Koku akaiuza kahawa yake kwa bei mpya, binti akaenda shule.

Juzi mjukuu wangu Deo, aliyeajiriwa na kampuni moja Dar es Salaam, kanipigia simu.

"Bibi, nunua hisa zetu wiki hii. Kuna tangazo linakuja, zitapanda. Kila mtu anafanya."

"Mimi si kila mtu," nikamjibu. "Sinunui, na jina langu usilitumie. Hiyo ni jinai, watu wanafungwa. Na hata isingekuwa jinai, nisingenunua. Ukitaka kunisaidia, niletee sukari."

Kaninunia. Anune! Waniite mshamba, waseme uzee umenipanda kichwani. Sibanduki hapa nilipo.

Mwanangu, siri ya kazini umeaminiwa uitunze, hukupewa uivune. Ukiijua bei ya kesho, usinunue kwa mtu asiyeijua, usimuuzie, wala usimnong'oneze ndugu yako akanunue yeye. Watakuambia sokoni hakuna unayemdhulumu kwa kuwa humwoni. Waongo hao! Kila anayeuza ana uso, na mimi uso huo naujua.

Ilipita misimu mitatu ndipo Ma Koku akaichukua tena kahawa mkononi mwangu. Aliitafuna taratibu, nami nikalia kama mtoto. Mungu akukinge na aibu ile, mwanangu, na kila aingiaye nyumbani kwako aitafune kahawa yako kwa amani.